Mwalimu wa Kemia wa Asubuhi Moja

Jamani, leo tumempata mwalimu wa kemia, tukampoteza kabla ya chakula cha mchana.

Hapa sekondari yetu ya wasichana ya Wakatoliki, Chang'ombe, kidato cha nne hawajafundishwa kemia tangu Januari.
Asubuhi akaja mwalimu kijana, akafundisha somo la majaribio. Wasichana wakampigia makofi!
Sista mkuu akaniambia mie karani wake, "Haya, chapa barua ya ajira."

Nimefika kwenye jina lake, akaingia ofisa elimu na barua nyingine: mwalimu amepangiwa kijiji cha ujamaa, Kigoma. Kesho asafiri.

"Na wasichana wangu?" Sista akauliza.
"Sista, na kule kuna watoto."

Sista akaipokea barua.

Mwalimu akaniomba chaki, akarudi kufundisha mpaka kengele ya mwisho.
Mie nimekaa tu, wala silii.
Nyie mngemjibu nini ofisa yule?