Simu Ndani ya Sufuria

Mbithi ni mdogo wa marehemu mume wangu, na kichwa chake nakijua tangu 1984, tulipoletewa mahindi ya manjano wakati wa njaa. Alisema hayo ni ya ng'ombe, yatatumaliza. Siku ya tano nilimkuta anakomba sufuria yangu.

Alishona nguo kwenye viwanda vya EPZ miaka kumi na tisa, akarudi hapa Muthetheni kulima, na kichwa ni kile kile.

Mwaka huu mkewe, Mwikali, alipata uvimbe kwenye titi. Hospitalini walikata kinyama wakapime, wakamwambia angoje simu. Mwikali, kama sisi wote, simu huiweka kwa sidiria. Sasa Mbithi akanunua nyama, akasoma gazeti lililofungia nyama hiyo: panya waliwekwa kwenye mionzi ya simu, wakaota saratani. Basi! Akamnyang'anya mkewe simu, akaifungia kwenye sufuria, kifuniko juu, jiwe juu ya kifuniko, ghalani.

Siku ya sita nikaenda kuwaona.

"Hospitali wamesemaje?"

"Hawajapiga, Mama Muthoka," Mwikali akasema. Alikuwa amekonda kwa kungoja.

"Na simu iko wapi?"

"Iko salama," Mbithi akadakia. "Shemeji, umesikia habari ya panya?"

"Lete hilo gazeti." Nilifika darasa la saba, na la saba la zamani lilikuwa darasa. "Panya dume, Mbithi. Uvimbe kwenye moyo. Mwili mzima kwenye mionzi, masaa tisa kwa siku, miaka miwili! Mkeo ana mkia? Na hapa chini: hao wa mionzi waliishi muda mrefu kuliko wenzao, na panya si mtu, bado wanachunguza. Hapa hukufika?"

"Hapo palikuwa na damu ya nyama."

Ngai, Mungu wangu! Nikaenda ghalani, nikatupa jiwe, nikafunua. Huku kwetu mtandao wenyewe ni wa kuomba, na yeye anaufunikia sufuria! Simu ikakaa kimya kidogo, kisha ikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe. Wa mwisho: Mwikali aje Jumanne bila kukosa, aanze matibabu.

Ilikuwa Alhamisi, Jumanne ilishapita.

Mwikali aliketi chini, hakulia. Nikapiga mimi, nikabembeleza, mimi nisiyembembeleza mtu, mpaka nesi akatupa Jumatatu.

Mbithi ndiye aliyempeleka. Simu alikataa mtu mwingine aibebe. Aliitia mfuko wa shati, upande wa moyo, na kila dakika anaitoa kuangalia kama mtandao upo.

Nikawaza wale panya dume. Nikanyamaza.