Mwezi wa saa tisa mchana

Gisenyi yote hakuna mutu mwenye macho kama mi. Leo nimeuona mwezi wa Idi saa tisa mchana, jua bado iko kali.

Chekeni kwanza. Mukimaliza, andikeni maneno yenu chini ya karatasi hii, hapa mulangoni kwa fundi cherehani.

Ilikuwa hivi. Yule muzungu mupima-ardhi alisimama kando ya ziwa, darubini yake inatazama juu, mahali hakuna kitu. Mutu mwenye akili anatafuta nini mbinguni mchana? Nikamushuku.

"Njoo utazame," akaniambia.

Nikaona kamwezi keupe, kamepinda vizuri.

Bon, mi si mujinga. Nikadhani amekachora kwa kioo cha darubini. Nikakipangusa na shati, kamwezi kakabaki palepale.

Nikakimbia nyumbani. Bibi yangu muzee alikuwa amelala kwa mukeka, midomo imemukauka, funga ya ishirini na tisa.

"Bibi, mwezi umeandama. Funga imekwisha."

"Umeuona wewe mwenyewe?"

"Na jicho langu, haki ya Mungu."

Akanywa maji kikombe kizima.

Nikarudi kwa muzungu kumushukuru. Akacheka mupaka akakaa chini. "Ile ni Zuhura, nyota ya jioni. Ndani ya darubini inafanana na mwezi."

Mi bado simuamini. Nyota gani iko na pembe?

Lakini saa ya magharibi watu wote walitazama, na mwezi haukuonekana.

Mwaka huu Bibi hakukosa funga hata moja, hata siku za homa. Hii ya leo nimeivunja mi, na bado sijamuambia. Sasa hivi iko nyumbani, anapiga pasi kanzu yangu ya Idi.