Mungu Haendeshi Lori

Nakumbuka jioni ambayo shangazi yake Barasa alimkatiza mchungaji katikati ya sala. Mwanangu, hadi leo nikiikumbuka sauti yake nasimama wima, hata kama mgongo hautaki.

Tulikuwa matangani, Dandora, nje ya chumba alichokuwa akiishi marehemu Barasa. Mimi na Barasa tulitoka Bungoma tukiwa vijana, tukapata kazi kwenye kiwanda kimoja cha magodoro huko Eneo la Viwanda, na kila asubuhi tulikwenda kwa baiskeli. Sisi wa kwetu baiskeli tunazaliwa tukiijua. Lakini baiskeli ya kwenye miwa ni kitu kimoja na baiskeli ya barabara ya Nairobi ni kitu kingine, na hilo hakuna aliyetuambia.

Kiwandani kulikuwa na king'ora. Kikilia, bawabu anafunga lango, na aliye nje anarudi nyumbani, siku yake imekwenda. Kwa hiyo kila mtu alishindana na king'ora. Sasa, ukivuka mto ukipanda kuelekea Kariobangi kuna kimlima cha kumtoa mtu jasho la mgongo, nasi tulikuwa na ujanja wetu. Unangoja lori la mchanga lipunguze mwendo, unalidandia. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika chuma cha nyuma, nalo linakuvuta hadi juu huku unapiga mluzi. Aliyejua kudandia tulimsifu. Asiyethubutu tulimwita bibi harusi.

Siku hiyo dereva alimwona Barasa kwenye kioo. Akalipeleka lori kushoto, akalirudisha kulia, amtikise mpaka aachie. Ulikuwa mchezo wa madereva wa malori. Barasa akaachia, akaangukia mbele ya basi lililokuwa likija. Mengine sitakusimulia.

Basi pale matangani yakaanza maneno unayoyajua. Ajali haina kinga. Siku yake ilikuwa imefika. Mungu amempenda zaidi. Kila aliyesimama alisema hayo hayo, hata nyapara wa kiwandani, aliyekuwa amekuja na kofia yake mkononi. Mchungaji akasimama afunge kwa sala: "Ee Bwana, umeona vyema kumwita mtumishi wako..."

"Simama hapo, mchungaji," akasema shangazi.

Huyo mama ndiye aliyemlea Barasa tangu akiwa hajaota meno. Hakuwa amelia tangu asubuhi, nasi tulidhani ni mshtuko. Kumbe ilikuwa hasira.

"Mungu haendeshi lori," akasema. "Lori lina dereva, na dereva ana macho. Msimsingizie Mungu." Akamgeukia nyapara. "Na wewe, lango lenu likichelewa kidogo kufungwa, kiwanda kinaanguka?" Nyapara akaitazama kofia yake. Kisha shangazi akatugeukia sisi wenye baiskeli. "Nanyi mlikuwa mkimwona akidandia kila siku. Mlimwambia nini?"

Tungesemaje? Tulikuwa tukimpigia makofi.

"Haya, mchungaji, omba sasa," akasema. "Lakini anza na msamaha."

Baada ya mazishi tulibadilika, maana aibu ile ilitukaa. Tukawa tunaondoka mapema, tunasubiriana, tunakwenda kwa msafara. Mwenye mguu mzito anatangulia na sisi wote tunafuata mwendo wake, hata akitambaa kama konokono. Wa mwisho anakaa upande wa magari ili yatuone. Anayedandia lori harudi kwenye msafara. Nyapara hakulegeza lango hata kidogo, siwezi kukudanganya. Lakini katika msafara ule hatukuzika mtu tena.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hasira yangu si ya zamani. Ni ya wiki hii.

Mjukuu wangu Nafula anafanya kazi kiwanda cha biskuti. Alichoka na foleni, akanunua baiskeli, na siku hizi barabara yetu kubwa ina njia ya baiskeli kando yake. Mimi nilifurahi. Nikasema wajukuu wetu wamepata tulichokosa. Nenda ukaione njia yenyewe! Hapa kuna jiko la mahindi, pale mtu anaosha gari, katikati bodaboda wanakuja kinyume na honi juu, na karibu na lango la ploti yetu kuna vitanda. Vitanda, mwanangu, vimepangwa vimesimama kama askari wa gwaride, na vyote ni vya kuuza, vya jirani yetu wa chumba cha chini, seremala tunayemwita Fundi. Juzi asubuhi Nafula alifika kwenye vitanda hivyo, akashuka barabarani avipite kama anavyofanya kila siku, na matatu ikampiga bega kwa kioo. Haikusimama. Nafula yu hai, ila mkono umevunjika.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia yote. Alivaa kofia, alikaa kando, alikwenda pole pole. Akavunjika mkono.

Jioni majirani wakaja kumwona. Chumba kikajaa. Fundi naye akaja na pakiti mbili za maziwa na mkate, akaketi kitandani kwangu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa. "Ajali haina kinga," akasema. "Tumshukuru Mungu. Wacha tuombe."

Nikaona giza. Nilimwona Barasa, nikaona kofia ya nyapara.

"Simama hapo, Fundi," nikasema. "Vitanda vyako asubuhi vilikuwa wapi?"

"Si pale pale, mzee."

"Pale pale wapi?"

Akaelewa, na akakasirika. "Sasa mzee, hizo vitanda nitaweka wapi, kwa kichwa? Kila mtu anauzia hapo. Mimi pia natafuta unga."

"Naye alikuwa akienda kutafuta nini? Maua?"

Nafula akanishika koti kwa mkono wake mzima. "Kuka, wacha bana," akasema. Huniita Kuka, kama wanavyoitwa mababu kwetu. "Ni jirani. Hata mimi ningeangalia nyuma kwanza."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Aliyevunjwa mkono ndiye anayetafutia wengine udhuru! Nikawaambia wote waliokuwa mle, na sikushusha sauti, kwamba ningekaa kimya ningekuwa nangoja matanga, na matangani ningeletewa mkate mwingine na Fundi huyu huyu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Fundi akatoka bila kuaga. Mama mmoja akanong'ona kwamba uzee umenipanda kichwani. Sawa.

Kesho yake alfajiri nikateremka. Nikamkuta Fundi peke yake, ameshasogeza vitanda vyote hadi ukutani, amebakiwa na kile kikubwa cha mninga, kinamshinda. Hakunisalimu. Nami sikumsalimu. Nikashika upande wa miguu, akashika wa kichwani, tukakipeleka.

Usidhani nimekwambia hadithi ya ushindi. Mbele kidogo gari bado linaoshwa njiani, na bodaboda bado wanakuja kinyume. Watu huniuliza, Mzee Wafula, kwani baiskeli ni salama mjini? Nawajibu kwamba baiskeli haina shida na mtu. Sisi ndio tusio salama: dereva anayecheza na roho ya mwenzake, bosi anayefunga lango, jirani anayeziba njia halafu anakuja kuomba. Nafula ameapa kwamba mkono ukipona atapanda tena, na mama yake anataka baiskeli iuzwe. Mimi nimesema isiuzwe. Nimesema asipande peke yake.

Basi shika haya. Usidandie lori, hata kama mlima ni mrefu na wenzako wanapiga makofi. Tafuta wenzako, mwende kwa mwendo wa aliye dhaifu. King'ora kisikukimbize, kwa sababu kesho kitalia tena, na wewe hutazaliwa tena. Ukikuta njia yako imezibwa, sema, umwambie aliyeiziba kwa jina lake, mchana kweupe, ukiwa bado una mdomo wa kusema. Na siku ukisikia mtu anamtwika Mungu mzigo wa binadamu, mkatize, hata kama ameshafumba macho.

Mungu akutangulie, mwanangu, na akuweke wenzako kulia na kushoto. Akupe macho ya mbele na ya nyuma. Na siku ukichelewa, uchelewe kwa amani, ulikute lango limefungwa, urudi nyumbani ukilalamika, nami nikupikie chai.