Pipa la Moto na Pipa la Kiu

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Wadachi, nilikabidhiwa fyekeo. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali kule pwani, nikashuka gari la moshi Dodoma nikitegemea kupewa kalamu. Bwana Hemedi, Mrangi wa Kondoa aliyesimamia ghala letu karibu na stesheni, alinipima kwa macho. "Kalamu haizimi moto, kijana. Anza na majani yale."

Bwana Shauri, Mdachi wa bomani, alikuwa ametangaza kukagua maghala yote ya kando ya reli, kwa kuwa cheche za gari la moshi zilikwisha kuteketeza banda moja. Ghala lisilo salama lingefungwa. Letu lilijaa ngozi na nta za msimu mzima. Likifungwa, Bwana Hemedi angerudi Kondoa mikono mitupu, nami sikuwa na pa kurudi.

Tulifyeka mpaka ardhi ikabaki tupu. Tukaondoa nyasi za paa, tukaezeka miti na udongo kama tembe za Wagogo, maana udongo haushiki moto. Nta, ambayo ikiyeyuka huwaka kama mafuta, tuliitenga chumba cha nyuma. Mwisho tukaweka pipa la maji mlangoni, kama amri ilivyotaka.

Pipa ndilo lililotushinda. Ugogoni maji yaliyowekwa nje ni ya mpita njia. Kila tulipojaza, Mzee Malogo alifika na ng'ombe wake kutoka Ihumwa.

"Mzee, maji hayo ni ya moto," Bwana Hemedi alimwambia.

"Moto uko wapi?"

"Bado haujaja."

"Ng'ombe wangu wamekwisha kuja."

Nilishauri tutie shubiri, maji yawe machungu. Bwana Hemedi alikataa. "Nikiwaharibia watu maji, ngozi nitanunua kwa nani?" Akaagiza pipa la pili, akaliweka kivulini, akamngoja mzee. "Hili la kiu, Mzee wangu. Lile la moto nakukabidhi wewe."

Bwana Shauri alifika mchana, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikagua paa, akainusa nta, kisha akachukua kata na kuichovya kwenye pipa la mlangoni. Fimbo ya Mzee Malogo ikaizuia kata. Askari aliyefuatana naye akashika bunduki. Mimi nilijua tumekwisha.

"Hayo ya moto, Bwana," mzee akasema. "Ya kiu yako kivulini."

Karani wake alitafsiri kwa sauti ndogo. Bwana Shauri akairudisha kata, akaenda kunywa kivulini. Alipomaliza alisema, "Ghala hili lina mlinzi. Lisifungwe."

Baadaye nilihamishiwa Gulwe, kisha vituo vingine. Miguu yangu haikupenda kukaa. Sasa nimepita arobaini na kazi nimeiacha, lakini bado nazurura kando ya reli. Nikikuta pipa la moto tupu mlangoni, simlaumu mtu. Hutazama kwanza kivulini kama wameweka la kiu.