Kitambaa Chekundu Dirishani

Binti yangu ana miaka kumi na tisa, anashona nguo, na sukari yake hupanda na kushuka ipendavyo. Kazi yangu mimi ni kumchunga. Hadi saa sita mchana huwa nimeshaingia dukani anakoshonea mara nne: mara nanunua uzi, mara naulizia vifungo, mara nimesahau kilichonileta. Nyumbani nina uzi wa kushonea jeshi zima, na hata pindo la kanga sijui kulishona.

Mwishowe fundi mkuu, mama asiyecheka ovyo, akamwambia binti, "Mama yako akiingia tena bila sababu, mtaondoka wote wawili."

Jioni binti akanipiga marufuku kukanyaga dukani. Kazi ile anaipenda mno.

Wiki hiyo muuguzi wa zahanati aliwaita wasichana sita wenye kisukari, binti yangu akiwemo, wapange wenyewe msaada wanaoutaka. Nikajialika. Kila mmoja akaandika kinachomsumbua, akabandika ukutani. Nilitegemea sindano. Karatasi ya kwanza: "Mama." Ya pili: "Mama." Ya tatu: "Mama ananusa kikombe changu cha chai."

Nikacheka hadi nikashika mbavu. "Jamani, huyu mama ana wazimu! Ni wa nani?"

Binti yangu akaangalia dari. "Wangu."

"Tusiwafukuze," mwenzake akasema. "Tuwape kazi."

Wakakubaliana: sukari ikishuka, binti ale kitu kitamu papo hapo, na kitambaa chekundu kitundikwe dirishani mwa duka. Kikionekana, mama aingie; kisipokuwepo, apite zake. Fundi mkuu akaelezwa, akaridhia. Nikasema nimekubali, moyo ukikataa.

Siku tatu nilipita ng'ambo ya barabara, shingo imekakamaa kama askari wa gwaride. Siku ya nne, chekundu hicho dirishani! Nikavuka mbio na chupa ya soda, nikamkumba mteja mlangoni, nikamshika binti kidevu.

"Kunywa!"

"Mama, nimepima sasa hivi. Niko sawa."

"Na kile chekundu?"

"Gauni la huyo dada uliyemkumba."

Fundi mkuu akasimama. Nikajua kazi ya mwanangu nimeimaliza mimi mwenyewe. Akaliangalia gauni, akamgeukia binti. "Nani alichagua kitambaa kiwe alama kwenye duka la kushona?"

"Sisi," binti akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi mama yako hana kosa, kafuata mpango wenu. Kapangeni upya, kesho uje kazini."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe pita ng'ambo!"

Kikao kilichofuata binti alisimama mbele ya wenzake. "Kasoro ya kwanza imegunduliwa na mama." Nikanyoosha mgongo. Alama mpya ikawa sufuria, maana hakuna mteja anayeleta sufuria ishonwe.

Imetundikwa mara moja tu. Nilipofika nahema, binti alikuwa ameshakunywa soda yake, anapima tena. Sikuwa na la kufanya. Nikageuka niondoke.

Fundi mkuu akanisogezea kiti. "Kaa, mama. Leo umeitwa."