Pikipiki iliyopashwa moto kabla hatujafika

Leo nusura tununue pikipiki, jamani!

Mume wangu anafanya kazi Fort Worth, mimi niko Sharpstown, hapa Houston. Ndoa bado mbichi, na chombo hatuna. Tukapata pikipiki mtumba ya safari ndefu, inang'aa kama bibi harusi. Nikajua sasa atakuja kila wikiendi!

Kilichotuponza ni adabu. Mume wangu alimpigia muuzaji: "Kaka, tumekaribia." Kwetu huendi kwa mtu bila taarifa!

Tulipofika ikawaka mara moja. Mimi huyo, nimeshapanda nyuma.

Mume wangu akagusa injini. Ya moto! Kumbe baada ya simu yetu muuzaji alishaiwasha.

"Shuka, mke wangu. Injini chakavu ikishapashwa huficha ugonjwa. Tuisubiri ipoe."

Tukakaa kando, tumeshikana mikono. (Natamani isingepoa kamwe!)

Ilipopoa ikawaka kwa shida, ikagonga, ikatoa moshi wa bluu.

"Tuichukue hivyo hivyo, mpenzi," nikambembeleza.

"Hapana. Nataka itakayonileta kwako mpaka tuzeeke."

Nikalia palepale, mbele ya muuzaji.

Sasa yuko kwenye basi, anarudi Fort Worth. Wenye pikipiki zilizokula maili nyingi bila kusumbua, niambieni ni zipi. Nimeshamkumbuka, na basi halijatoka hata Houston.