Trela Niliyomnunulia Barasa Bila Kumwambia

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka hukosa hamu ya chakula. Umeniuliza kama ununue trela ya kubebea pikipiki zako za majini, ile yenye komeo linalojifunga lenyewe, na ukanitumia picha tatu kwa simu kana kwamba mimi ndiye ninayeiuza. Nitakujibu. Lakini jibu langu linaanzia Shauri Moyo, Nairobi, linapitia bwawa la Masinga na kufika kwenye kaburi moja kule Bungoma, kwa hivyo vuta kiti ukae.

Nilipokuwa na umri kama wako, nilikuwa na pikipiki mbili za majini. Watu walinicheka sana. Kijana aliyezaliwa katika chumba kimoja cha kanjo, yaani cha halmashauri ya jiji, ambaye maji aliyoyajua ni ya kupangia foleni mferejini na ndoo mkononi, atamilikije vitu kama hivyo? Nilikuwa fundi wa injini, na hoteli fulani ilizitupa kwa kuwa zilikuwa zimekufa. Nikazifufua. Kila Jumamosi asubuhi tulizipandisha kwenye trela ya kuungaunga, yenye ekseli ya pikapu kuukuu, tukashika njia ya Thika, tukapita Matuu, mpaka Masinga, tukawakodishia watu waliokuja kustarehe bwawani.

Nikisema sisi, nasema mimi na Barasa. Tulikua pamoja Shauri Moyo, milango yetu ikitazamana. Wazazi wake walitoka Bungoma, wangu Murang'a, na lugha yetu sisi wawili ilikuwa ya mtaa tu. Alipooa alihamia Lucky Summer na mkewe, Mama Nekesa, awe karibu na kiwanda cha Baba Dogo alikofanya kibarua. Kule kiwandani hakuna aliyelijua jina lake. Aliitwa "wewe wa pale", akaambiwa beba hiki, weka kile, ondoka hapo. Siku tano alikuwa wewe wa pale, na siku ya sita alikuwa Barasa.

Acha nikueleze kwa nini. Trela ya kawaida humtaka mtu aingie majini mpaka kiunoni. Pikipiki inapokuja, yeye ndiye anayeipokea, anailenga katikati ya reli za trela, kisha anatia ndoana ya winchi, ile roda ya kuvutia, kwenye pete ya chuma iliyo puani mwa pikipiki. Akikosea, mashine inagonga chuma na mwenye mashine analia. Barasa hakukosea. Aliweka kiganja kwenye pua ya ile pikipiki kama mtu anayemtuliza ndama, na watu wazito wa mjini, wenye miwani ya jua na sauti kubwa, wakawa wanamtii kama watoto wa shule. "Leta. Leta polepole. Simama hapo." Na wakasimama. Wateja wengine waliponipigia simu hawakuuliza kama mashine ziko sawa. Waliuliza kama Barasa atakuwepo.

Sasa lazima nikuambie jambo moja kuhusu namna tulivyolelewa. Sisi wa Shauri Moyo tulikuwa watu wa mchongoano. Mtu akikuambia kwenu mko na njaa mpaka panya wenu wanakuja kula kwetu, unamrudishia kubwa zaidi, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Barasa alipofiwa na baba yake, tukiwa darasa la sita, sikujua la kumwambia. Nikamchongoa. Sikumbuki hata nilisema nini, ila alicheka huku machozi yakimtoka, akaniegemea begani. Tangu siku hiyo niliamini kwamba mzaha unatosha kwa kila kitu. Miaka zaidi ya ishirini nilikula naye, nikasafiri naye, nikasimama naye kanisani akioa, na sidhani niliwahi kumwambia neno moja la moyoni bila kulivika kichekesho.

Mwaka huo Barasa alianza kuvaa soksi ndefu. Hata jua likiwa kali kule Masinga, soksi mpaka gotini. Kabla ya kuingia majini alijificha nyuma ya pikapu kidogo. Siku moja nilimwona kwenye kioo cha pembeni: alikuwa anafunga karatasi ya nailoni kuzunguka mguu wa kulia, akaikaza kwa mpira wa blada ya baiskeli. Juu ya kifundo palikuwa na kidonda, na hakikuwa cha jana. Tukirudi jioni, madirisha yakiwa yamefungwa, nilisikia harufu yake.

"Huo mguu uko aje?" nikamuuliza.

"Mbu tu," akasema.

Nikasema mbu wa Masinga lazima wawe na meno ya chuma wakikuuma wewe mgumu hivyo, tukacheka, na hapo tukaliacha. Niseme ukweli, mwanangu, maana sina sababu ya kujipamba mbele yako. Nilifurahi aliponidanganya. Angesema kweli, ningelazimika kumtoa majini siku ile ile, na sikuwa na mtu mwingine.

Lakini usingizi ulinipaa. Wiki iliyofuata niliona trela moja kwenye yadi ya Industrial Area, imetoka ng'ambo, yenye komeo la kujifunga. Mwenye yadi akanionyesha. Unaiendesha pikipiki mwenyewe mpaka juu ya trela, pete ya puani inaingia kwenye komeo, tak, imeshikwa. Hakuna mtu wa kusimama majini. Nilisimama pale muda mrefu nikilifungua lile komeo na kulifunga. Nilizunguka na wazo hilo wiki tatu, maana ilikuwa lazima niuze karibu kila kitu nilichokuwa nacho ili niinunue, na aliyekuwa kichwani mwangu wakati wote ule ni Barasa na karatasi yake ya nailoni.

Mzee Njoroge, aliyekuwa akichomelea trela yetu ya zamani kila ilipokatika, ndiye pekee niliyemwambia. Alizima mashine yake ya kuchomelea, akavua miwani.

"Barasa anasemaje?"

"Bado hajui, mzee. Nataka iwe sapraizi."

"Kazi ya mtu si keki ya bathdei, kijana. Mwambie leo."

Nikaitikia ndiyo mzee, nikaondoka, na sikumwambia. Nilijiona nikiitelemsha ile trela Masinga na Barasa akibaki mdomo wazi. Nilidhani ataelewa mwenyewe. Kwani tulikuwa tunajuana tangu lini?

Basi ndiyo hiyo Jumamosi. Barasa aliikuta trela mpya imefungwa nyuma ya pikapu. Akaizunguka mara mbili, akagusa komeo kwa kidole. Njia nzima aliangalia dirishani. Tulipofika nikaitelemsha trela majini, nikapanda pikipiki mimi mwenyewe, nikaenda mbali kidogo, nikageuka, nikaja nayo moja kwa moja. Tak. Wateja wakapiga makofi. Mmoja wao akasema, "Hapa sasa hamhitaji mtu."

Barasa alikuwa amesimama ukingoni, suruali ameshaikunja, nailoni ameshaifunga.

"Sasa mimi nishike nini?" akaniuliza.

Palikuwa na jibu, mwanangu. Lilikuwa fupi na lilikuwa la kweli: nimeona mguu wako, ndugu yangu, nikaogopa. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mimi nilikuwa mimi.

"Wewe sasa ni mdosi, bosi mzima," nikamwambia. "Shika soda."

Watu wakacheka. Hata yeye alicheka. Kisha akakunjua suruali, akaenda kukaa ndani ya pikapu mpaka jioni.

Jumamosi iliyofuata alisema kiwandani kuna ovataimu. Iliyofuata tena, ovataimu. Ya tatu hakushika simu. Nikasema moyoni, ameringa. Nimeuza vitu vyangu kwa ajili yake na yeye ananinunia. Nikaendelea peke yangu, na usidhani sikuifurahia ile trela. Niliifurahia sana. Ilinipa kichwa kikubwa. Kutoka Shauri Moyo mpaka Lucky Summer si safari, mtu anaweza hata kwenda kwa miguu akiamua, na miezi minne sikwenda. Nilikuwa nangoja aje yeye.

Simu ikaja kutoka kwa Mama Nekesa. Barasa alikuwa amelazwa, sukari ilikuwa imempanda kwa muda mrefu bila yeye kujua, na mguu wa kulia ulikuwa umekatwa juu ya goti. Nilinunua machungwa sokoni Muthurwa, nikaenda. Njiani nilipanga maneno. Niliyapanga vizuri, nikayarudia mpaka nikayashika kama mtoto anayekariri aya ya Biblia. Kisha nikafika kando ya kitanda, nikaona shuka limelala bapa mahali palipopaswa kuwa na mguu, na hofu ikanishika, na mdomo wangu ukafanya ulichozoea kufanya.

"Naona umeamua kununua kiatu kimoja kimoja," nikasema.

Akatabasamu. "Wewe huwezi badilika."

Nikamenya chungwa. Nilimenya polepole sana kwa kuwa sikujua nitafanya nini likiisha. Akaniuliza, "Ile trela bado inashika?"

"Inashika."

"Basi sawa," akasema, akageukia ukutani. Nilidhani amechoka. Niliweka chungwa kwenye sahani nikamwambia nitakuja Jumapili. Alifariki Ijumaa.

Tulimzika kwao Bungoma. Baada ya watu kutawanyika nilimfuata Mama Nekesa jikoni nyuma ya nyumba, alikokuwa ameketi na wifi zake. Aliniambia kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza. Barasa alijua kidonda kimekuwa kibaya. Alikificha kwa sababu aliogopa nikijua nitamtoa majini, na yeye hakuwa na mahali pengine pa kuitwa kwa jina lake. Nilipoleta ile trela alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Amejua, na amenitoa." Tangu siku hiyo hakuufunga tena ule mguu, wala hakukubali kwenda hospitali. Alisema anautunzia nini.

Ndipo nikasema. Yote niliyokuwa nimeyabeba nilimwambia Mama Nekesa pale jikoni: kwamba niliinunua kwa ajili ya mguu, kwamba sikulala, kwamba hata siku moja sikutaka kumwondoa. Nililia mbele ya wanawake wa watu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "hayo maneno yalikuwa yake. Mimi nitayapeleka wapi?"



Na kuna jambo jingine nililoligundua nikiwa njiani kurudi Nairobi, nikalazimika kuegesha gari kando ya barabara. Ile trela ilihitaji mtu. Ilihitaji mtu wa kuiendesha pikipiki mpaka juu. Angeweza kukaa pale juu ya kiti, mguu wake ukiwa salama pale pa kuwekea miguu badala ya kulowa matopeni kutwa nzima, na wale watu wazito wakimpigia yeye makofi. Kazi hiyo nilijipa mimi, wala sikufikiri mara mbili. Miaka yote ile Barasa alizipokea pikipiki zangu kwa mikono yake, na sikuwahi kumwambia hebu panda wewe.

Sasa, jibu lako. Nunua. Ni chombo kizuri, na yeyote atakayekuambia eti ni uvivu hajawahi kusimama majini asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Pima kimo cha pete ya puani kwanza, maana komeo lisipolingana nayo umenunua pambo. Liondolee mchanga kila jioni. Na ukiwa barabarani funga mkanda juu ya pikipiki hata kama muuzaji anaapa kwamba hakuna haja.

Lakini kabla hujalipa, nenda kwa Mutiso, huyo anayekupokelea mashine zako sasa. Usimpigie simu. Nenda nyumbani kwake, ukae, unywe chai yake. Mwambie unataka kununua nini na kwa nini. Kama umeona mgongo wake unamsumbua, mwambie umeona. Muulize angependa kufanya nini trela ikija, na usimpe jibu wewe. Na mwanangu, siku hiyo usitanie. Najua kwetu mzaha ni mapenzi, nami nimeucheka sana maishani. Ila mtu akikuuliza ashike nini, amekuuliza kama bado unamtaka, na swali hilo lijibiwe kwa maneno yaliyo wazi, mbele ya watu ikibidi, sauti ikitetemeka ikibidi. Usiseme anajua. Mimi nilisema anajua.

Mungu akulinde wewe na Mutiso katika barabara ile na katika maji yale. Akupe kazi isiyokosa wateja, na nyumba isiyokosa watu. Na neno la mtu likikujia moyoni, akupe ujasiri wa kumfikishia mwenyewe, angali ana masikio ya kulisikia.